Bure ya Siku 14 na Makato ya Siku ya 15

ARUSHA – Mnunuzi wa mahindi katika soko la Kilombero hutia mkono ndani ya gunia, akaangalia punje, na asiporidhika huondoka bila kudaiwa hata senti moja. Biashara ya kadi haiendi hivyo. Muuzaji wa programu za kompyuta aliye ng'ambo humwambia mteja ajaribu bure kwa siku 14, lakini namba ya kadi huitaka siku ya kwanza. Mteja asipojiondoa kwa wakati, siku ya 15 fedha hukatwa.

Chukulia mwenye kampuni ndogo ya kupandisha watalii Mlima Meru. Amejiandikisha kwenye programu ya kupokea oda za wageni, bure kwa siku 14, kisha dola 49 kwa mwezi. Siku ya 12 anapita lango la Momella na wageni wake. Siku ya 15 yuko njiani akishuka kuelekea Miriakamba, simu ameizima kutunza chaji. Akifika Usa River anakuta ujumbe wa benki: zaidi ya shilingi 100,000 zimetoka, na fedha hizo zilikuwa za kuwalipa wapagazi.

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1974 inampa mwenye kadi ya mkopo siku 60 tangu atumiwe hesabu kuandika pingamizi, na kiasi kinachobishaniwa anaweza kukizuia wakati uchunguzi ukiendelea. Kadi nyingi zilizomo mifukoni mwa wafanyabiashara wa Arusha si za mkopo. Zinachota akaunti moja kwa moja. Mmarekani anabishania deni. Mwenye kampuni wa Usa River anabishania fedha ambayo imekwisha ondoka, na mtaji wake umelala hadi shauri limalizike.

Hata hivyo hana sababu ya kukata tamaa. Mastercard ilitangaza masharti ya ofa za majaribio mwaka 2019, ikianzia na bidhaa za kushikika. Visa ilifuata Aprili 2020: muuzaji apate ridhaa ya wazi ya mteja, ampelekee masharti kwa maandishi hata kama siku hiyo halipi kitu, amkumbushe angalau siku saba kabla ya kukata, na ampe njia rahisi ya kujiondoa mtandaoni. Masharti haya si sheria ya Bunge, lakini yanamfunga muuzaji kupitia benki yake, popote alipo.

Wengi huharibu shauri lao wenyewe mbele ya kaunta. Kwa hasira mteja husema ameibiwa, kadi yake imetumiwa na mtu asiyemjua. Benki inafunga kadi na kufungua dai la wizi. Muuzaji naye anatoa jina, baruapepe na saa aliyojiandikisha mteja yule yule, na dai linaanguka. Anayejua kwamba alijiandikisha aseme ukweli: alijiondoa lakini akakatwa, au hakukumbushwa, au bei haikuonyeshwa. Hizo ni hoja nyingine kabisa, na zina nguvu zikiwa na karatasi: ukurasa wa ofa uliochapishwa, baruapepe ya kujiondoa, taarifa ya akaunti. Aliyesahau tu, huku akiwa amekumbushwa, hana kesi. Anaweza kumwomba muuzaji hisani, na wapo wanaorudisha.

Benki nazo zina lao. Jibu la "nenda kamalizane na muuzaji wako" ni nusu ya ukweli. Ni kweli mteja hutakiwa kuanza na muuzaji, lakini muuzaji akikaa kimya, kazi ya kupeleka pingamizi ni ya benki iliyotoa kadi, na muda hauna huruma: kwa Visa kwa kawaida ni siku 120. Mteja anayezungushwa kaunta hadi kaunta kwa miezi minne amenyimwa haki yake bila mtu kumwambia hapana. Yafaa adai nakala ya barua yake ikiwa na muhuri na tarehe. Kanuni za Benki Kuu za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinamruhusu asiyeridhika na benki yake kwenda Benki Kuu, ambayo ina tawi hapa Arusha.

Si wanyonge tu wanaonaswa. Septemba 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 Marekani, kati yake bilioni 1.5 zikiwa za kurudishia wateja, katika kesi iliyodai kwamba watu waliingizwa kwenye huduma ya Prime bila ridhaa na kuwekewa vikwazo wakitaka kutoka.

Mwenye kampuni yetu wa Usa River, kabla hata hajapanda daladala kwenda benki, afute kwanza uandikishaji wake. Pingamizi la mwezi huu halizuii makato ya mwezi ujao.