Ada Moja, Kazi Ngapi?

Mtanzania au Mkenya anayeacha kazi Dallas na kuhamisha akiba yake ya uzeeni kutoka mpango wa mwajiri kwenda akaunti binafsi hachelewi kukutana na mshauri wa uwekezaji mwenye lugha tamu: ushauri, udalali na utunzaji wa hisa vyote vimo ndani ya ada moja, asilimia fulani ya fedha zake kila mwaka. Tuseme ana dola 200,000 na ada ni asilimia 1.5. Hiyo ni dola 3,000 kwa mwaka, na ikikatwa kila robo mwaka, ni dola 750 zinazochotwa akauntini kimyakimya. Haandiki hundi wala haletewi ankara.

Wanaoitetea ada hii wana hoja. Dalali anayelipwa kamisheni hula kila hisa inapouzwa au kununuliwa, na wapo waliozungusha mali za wateja ili kamisheni zimiminike. Ada ya jumla iliondoa kishawishi hicho, ikaleta kingine: anayelipwa kilekile hata asipogusa akaunti mwaka mzima, atahangaika kwa nini?

Lakini linalonikera zaidi ni udalali wenyewe. Oktoba 2019, kampuni ya udalali ya Charles Schwab na washindani wake walifuta kamisheni ya kununua na kuuza hisa za Marekani mtandaoni. Sehemu iliyokuwa ghali ndani ya kifurushi ikawa bure dukani, na mteja aliyefungiwa vyote pamoja hana pa kuuona unafuu huo.

Tena si vyote vilivyofungwa humo. Gharama za ndani za mifuko ya pamoja kwa kawaida hukatwa kando. Na msimamizi wa fedha akipeleka oda kwa dalali wa nje ya kifurushi, mteja anaweza kulipa mara ya pili. Mwaka 2016 SEC, tume inayosimamia masoko ya mitaji ya Marekani, iliziadhibu kampuni za Raymond James na Robert W. Baird kwa kutofuatilia ipasavyo gharama za namna hiyo.

Sheria ya Marekani inadai kijitabu cha maelezo, nacho lazima kiseme kwamba kifurushi kinaweza kugharimu zaidi au pungufu ya kununua huduma moja moja. Sentensi hiyo haiwezi kukosea, ndiyo maana haimsaidii mtu. Uingereza ilikwenda mbali zaidi: tangu mwisho wa 2012, mshauri hapokei kamisheni ya kampuni kwa bidhaa mpya za uwekezaji anazopendekeza, bali anamtajia mteja bei yake. Wenye akiba ndogo wengi waliona bei hiyo na kuondoka, hasara ambayo siidharau. Hata hivyo waliondoka wakijua walichokataa.

Marekani ingetosha kudai karatasi moja kwa mwaka: dola ngapi za ushauri, ngapi za udalali, ngapi za mifuko, na oda ngapi zilifanyika. Kabla haijaja, mteja amuulize mshauri bei ya ushauri peke yake, na aombe jibu kwa dola, si kwa asilimia.