Kijana, shusha sauti

Na Mzee Chukudu

Jumanne hii Mzee Chukudu alikuwa Mweso, Masisi, na alitamani kumchapa mtu. Wasomaji watulie: fimbo ilibaki mkononi.

Alikuwa amekaa uani kwa mama mmoja anayemfahamu, akisubiri viazi viive. Nyumba ni ya mbao, vyumba viwili. Kimoja mama analala na watoto wake. Cha pili amempa mama mwenzake aliyekimbia vita kutoka Pinga, upande wa Walikale, na watoto watano. Hawana undugu. Walikutana barabarani siku ya mvua, basi.

Ndipo likasimama gari jeupe. Akashuka kijana mwenye simu mkononi na jaketi la mifuko (Mzee hamwamini mtu mwenye mifuko zaidi ya minne). Hodi haikusikika. Kiti alipewa, akakikalia, na anketi, yaani maswali ya uchunguzi, ikaanza papo hapo, majirani wakichungulia, watoto wamemzunguka:

"Mama, katika siku 7 zilizopita, ni siku ngapi watu wazima walipunguza chakula ili watoto wale?"

Swali lenyewe halina kosa. Mashirika ya chakula huliuliza katika nchi nyingi, na majibu yake husaidia kupima njaa ya kaya. Lakini kuliuliza kwa sauti ya mwuza samaki wa sambaza, mbele ya mwenye nyumba! Mgeni wa Pinga akainamisha kichwa. Kijana akadhani hakusikia, akarudia kwa kelele zaidi.

"Saba," akajibu mgeni.

Mwenye nyumba akaacha kukoroga maharagi. Wiki nzima alikuwa akiambiwa "tumeshiba, dada". Naye, kama Mzee alivyokuja kung'amua, alikuwa akijibu maneno yale yale kila jioni, chungu kimfikie mgeni. Wanawake wawili walikuwa wakifichana njaa kwa kustahiana. Stara hiyo ilivuliwa kwa dakika moja na mtu mwenye haraka ya kumaliza nyumba kumi kabla ya mvua.

Mwenye nyumba hakuulizwa lolote. Anketi ilikuwa ya wadeplase, waliokimbia vita.

Kwa matamshi yake, kijana ni mtoto wa Goma. Mwezi wa tano mwaka 2021, Nyiragongo ilipolipuka na amri ya kuhama ikatolewa, watu wa Goma walimiminika Sake, huku huku Masisi. Wengine walilala makanisani na shuleni, wengine wakapishwa vyumba na watu wasiowajua. Mzee hakumbuki mwenye nyumba hata mmoja aliyewahesabia matonge.

Mzee anajua yatakayoletwa: ni kazi, ni maagizo, simu ndiyo inayouliza. Uongo mtupu. Ni uvivu. Kumwita mama nyuma ya nyumba ni hatua ishirini, na kijana ana miguu miwili mizima.

Viazi vikaiva. Desturi ni desturi: sahani ya kwanza akapewa mgeni wa simu. Alikula huku akituma anketi yake, akaomba kuongezewa maharagi. Akaongezewa.

Zamu yao ilipofika, wanawake wote wawili walisema wameshiba.