Usiulize Ametoka Wapi, Uliza Anakwenda Wapi

Mchambuzi wa siasa za nje akialikwa kwenye televisheni, jina lake hufuatwa na cheo alichokuwa nacho: balozi mstaafu, jenerali mstaafu, ofisa wa zamani wa CIA, profesa wa chuo fulani. Watazamaji tunayapima maneno yake kwa cheo hicho. Wapo wanaoshikilia kwamba mambo ya vita aachiwe aliyevaa gwanda, na wapo wanaomwamini msomi kwa kuwa hakulelewa na serikali. Nionavyo, wote wanatazama nyuma bure. Kazi aliyotoka mtu inatuambia machache kuhusu uamuzi wake; kazi anayoitarajia, pamoja na anayemlipa leo, vinatuambia mengi zaidi.

Tazama taasisi ya RAND ya California, iliyoanzishwa mwaka 1946 kwa fedha za jeshi la anga la Marekani. Kuanzia 1964 watafiti wake waliwahoji wafungwa na watoro wa kundi la waasi la Viet Cong huko Vietnam Kusini, na baada ya miaka michache walikuwa na mahojiano takriban 2,400. Watafiti wa kwanza, John Donnell na Joseph Zasloff, waliripoti kwamba adui ana imani na anachokipigania. Mradi ukapewa Leon Gouré, naye akatoka na jibu jingine: mabomu yanawavunja moyo. Jeshi la anga, lenye mabomu na ambalo fedha zake ziliianzisha RAND, lilikuwa na kila sababu ya kulipenda jibu hilo. Baadaye mtafiti mwingine, Konrad Kellen, akayasoma mahojiano hayohayo na kuona kwamba watu hawa hawatashindwa. Ukiutafuta mzizi wa tofauti ya Gouré na Kellen katika wasifu wao utatoka mikono mitupu, kwani wote wawili waliwakimbia Wanazi na wote walilitumikia jeshi la Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia. Ila Gouré ndiye aliyekuwa na mradi wa kuulinda, na ndiye aliyekwenda Washington kuwapa wakubwa habari walizozingoja. Kellen alikuwa na karatasi zake tu.

Atakayenipinga atasema kwamba Kellen naye alilipwa na RAND. Kweli kabisa, na ndiyo maana sisemi kila anayelipwa amenunuliwa. Mshahara usiotegemea jibu haumfungi mtu kama mkataba utakaohuishwa mteja akiridhika.

Iraq inaonyesha jambo hilo kwa upande wa pili. Februari 2003 Jenerali Eric Shinseki, mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, aliwaambia maseneta kwamba kuikalia Iraq kungehitaji askari laki kadhaa. Aliyemkanusha hadharani ni Paul Wolfowitz, naibu waziri wa ulinzi, msomi aliyewahi kuwa mkuu wa kitivo katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mwanajeshi alihadhari, msomi akataka vita! Shinseki alikuwa amebakiza miezi tu astaafu, hakuwa na cheo cha kukitafuta tena. Wasomi nao hawakuwa na kauli moja: Septemba 2002, wanazuoni 33 wa uhusiano wa kimataifa walikuwa wamelipia tangazo katika New York Times kuvipinga vita hivyo, wengi wao maprofesa ambao nafasi zao hakuna waziri angeweza kuzigusa.

Sipuuzi uzoefu. Aliyewahi kukaa kwenye meza ya mazungumzo anajua ni ahadi gani hutolewa ili isitekelezwe, na hilo halifundishwi darasani. Tatizo ni kwamba Marekani kila rais mpya ana nafasi za uteuzi zipatazo 4,000, na waliotoka serikalini husubiri zamu yao katika taasisi za utafiti, wakiandika ripoti zitakazosomwa na waajiri wao wa kesho. Hata pasipo rushwa, mtu hujifunza kutosema litakalomharibia. Mwaka 2008 New York Times ilifichua kwamba maofisa wastaafu waliokuwa wakichambua vita vya Iraq kwenye televisheni walikuwa na uhusiano na kampuni zenye zabuni za kijeshi, watazamaji wasijue. Vyeo vyao vya zamani vilitajwa kila jioni. Kampuni hizo ndizo zilizostahili kuandikwa chini ya majina yao.