Pongo Dume wa Mwezi wa Julai

Hivi karibuni nilikwenda Makambako kumwamkia binti yangu, katika mji ule wa reli na barabara kuu ambao upepo wake haumpi mgeni nafasi ya kuvua koti. Jioni moja mjukuu wangu, kijana wa miaka kumi na minne, alikuwa akitazama filamu ya Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Kijana mmoja akavuta upinde, mshale ukatoka, mnyama akaanguka, na moto wa kuchomea nyama ukawashwa. Yote hayo hayakuzidi dakika tatu. Mjukuu akanigeukia akaniuliza, "Babu, na ninyi kule Mawengi mliwinda hivyo?" Nikamjibu kwamba tuliwinda, lakini si hivyo. Jibu hilo halikumtosha, na yale niliyomsimulia usiku ule ndiyo ninayowasimulia leo.

Mawengi iko katika milima ya Upangwa, wilaya ya Ludewa, ambayo sasa imo mkoani Njombe. Julai huko ni mwezi wa baridi. Ukungu hulala mabondeni mpaka jua lipande, na kandokando ya vijito watu hulima vinyungu, yaani vile vibustani vya wakati wa ukame vya maharage, njegere na mboga. Hapo ndipo ugomvi wa mkulima na pongo unapoanzia. Pongo, ambaye wengine humwita mbawala, si mnyama wa mbugani. Hukaa vichakani karibu na maji, aghalabu peke yake, akala majani na machipukizi alfajiri na magharibi. Jike ni mwekundu-kahawia wala hana pembe. Dume, kadiri anavyozeeka, ndivyo anavyozidi kuwa mweusi, na pembe zake huenda juu zikiwa zimejipinda kidogo, zenye ncha kali kama msumari. Akishtuka hubweka, nawe usiyemjua ungeapa kwamba ni mbwa.

Mwaka 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, nilikuwa na miaka kumi na sita, nami nilikwenda kukaa kwa mjomba wakati wa likizo. Mjomba hakuwa mwindaji wa kila siku. Alikuwa mkulima aliyekwisha choka, kwani dume moja jeusi lilikuwa limekula njegere zake kwa misimu miwili. Alikuwa na upinde wa marehemu baba yake, na mishale ambayo chembe zake zilifuliwa na wahunzi wa huko huko. Wapangwa waliyeyusha chuma tangu zamani sana, na hadi leo jina la Liganga, mlima wa chuma ulio katika wilaya hiyo hiyo, halikauki vinywani mwa watu.

Nilimwuliza kwa nini asingoje mpaka nyasi ziungue ili amwone vizuri. Akacheka. "Mpwa wangu," akasema, "Septemba moto utakuwa umepita, mbwa wa kijiji kizima watakuwa wamepita, na mzee huyu atakuwa halishi ila usiku wa manane. Sasa hivi bado anadhani bonde ni lake. Humjia kinyungu kwa njia ile ile, saa ile ile." Maneno hayo yana akili nyingi. Dume aliyefikia umri ule hakufika kwa bahati. Amejifunza, na anayemtaka hana budi kumpata kabla hajakumbushwa kwamba watu wapo.

Jioni ya kwanza tulikaa upande wa juu wa njia yake, kwa sababu mimi niliona huko kuna mahali pazuri pa kujificha. Mjomba aliniacha nichague. Jua lilipokuwa bado kali hewa ilikuwa ikipanda mlima, na mambo yote yalikuwa mema. Mara tu jua lilipozama, hewa ya baridi ikaanza kuteremka bondeni kama maji, ikabeba harufu yetu moja kwa moja hadi kichakani. Tulisikia mbweko mmoja tu. Jioni ya pili tulikaa chini ya njia. Akaja jike na mtoto wake, wakasimama karibu kiasi cha kusikia wakitafuna. Mjomba aliweka mkono wake juu ya mkono wangu, akauacha hapo mpaka walipoondoka.

Jioni ya tatu dume akaja.

Alitoka kichakani akiwa mweusi kabisa, na mabaka meupe shingoni, akasimama hatua ishirini kutoka kwetu. Umbali huo ndio kipimo cha upinde wetu. Anayewinda kwa upinde humwona mnyama akipepesa macho, naye mnyama anaweza kusikia pumzi yake. Mjomba alikuwa amenionya mara kumi: usipige anapokutazama, ngoja ageuke ubavu, ngoja mguu wa mbele utangulie, hapo mapafu yako wazi. Dume alitutazama. Nilikuwa nimekwisha vuta. Upinde si bunduki, bwana. Huwezi kuushika umevutwa huku ukiendelea kufikiri. Mkono ukaanza kutetemeka. Nilijua sipaswi, nikaachia.

Wakati ule ule akageuka, mshale ukampata nyuma ya mbavu. Akabweka, akatoweka.

Mjomba hakunigombeza. Alikwenda akainama, akaokota jani lenye damu. Damu ya mapafu ni nyekundu yenye povu. Hii ilikuwa nyeusi, imechanganyika na majani yaliyotafunwa. "Tumbo," akasema. "Tukimfuata sasa tutamfukuza mpaka mto wa pili. Tulale." Nilitaka tumfuate. Nilidhani kungoja ni ukatili, kumbe ukatili nilikuwa nimekwisha ufanya.

Alfajiri tulifuata alama, mjomba akitangulia na mkuki. Dume alikuwa amelala ndani ya kichaka kando ya kijito, bado hai. Pongo aliyejeruhiwa hakimbii tena. Humngoja adui yake. Alimrukia mjomba, na pembe moja ikaingia pajani juu ya goti. Mjomba alimmaliza akiwa ameketi chini. Majirani walimbeba kwa machela hadi hospitali ya misheni, na nyama ikagawiwa wabebaji, isipokuwa sehemu za nyuma zilizoharibiwa na tumbo, ambazo zilitupwa. Sikurudi shule kwa wakati mwaka ule. Nilibaki wiki sita nikilima kinyungu chake, kwa kuwa yeye hakuweza kuinama. Alichechemea hadi mwaka 1989, alipofariki.

Hayo ndiyo ambayo filamu ya mjukuu wangu haikuyaonyesha. Wahadzabe ni watu wachache mno, zaidi kidogo ya elfu moja, na pinde zao huhitaji nguvu za mtu mzima kuzivuta. Kwa mnyama mkubwa hutumia mishale yenye sumu wanayoipika kutokana na mimea. Hata hivyo mwindaji wao akisha piga aghalabu hamkimbilii mnyama. Huiacha sumu ifanye kazi, hurudi kambini, na baadaye wenzake humsaidia kufuata nyayo. Mwaka 2011 baadhi yao, katika bonde la Yaeda, walipata hati ya kimila ya ardhi yao. Nilifurahi kusikia hivyo, maana upinde bila pori ni fimbo tu.

Sisi wengine tusijidanganye. Sikumbuki mjomba akionyesha kibali chochote, wala sitamtetea kwa hilo. Leo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inakataza kuwinda bila kibali, na inakataza mitego na sumu. Baba wa familia anayenunua nyama ya pori iliyofichwa chini ya mkaa, akidhani ameokoa fedha, anahatarisha chakula cha watoto wake kwa miaka mingi. Tangu mwaka 2020 zipo kanuni za mabucha halali ya nyama hiyo. Mwenye hamu na aende huko.

Nilipomaliza kusimulia, mjukuu alinyamaza kidogo. Kisha akauliza hatua ishirini ni umbali gani. Nikamwambia akapime. Akatoka uani na tochi, akaweka ndoo ya bluu ukutani, akahesabu kwa sauti huku akirudi nyuma. Aliposimama aliitazama ndoo ile kwa muda mrefu.

"Babu," akasema, "mbona ni karibu hivi?"