Dizeli si ya fuso peke yake

Kikao cha harusi kilikuwa kimefika kwenye kipengele cha usafiri. Nikajitolea gari langu, kama mjomba anavyotarajiwa. Shemeji yangu, mtu wa Premio tangu tumjue, akaweka soda yake chini. "Shemeji, hilo la kwako tuliache. Dizeli ni ya fuso. Bibi harusi atafika ukumbini ananuka moshi." Kamati nzima ikaangua kicheko. Mweka hazina, ambaye mchango wake mwenyewe hadi leo ni ahadi, ndiye aliyecheka kuliko wote.

Pale nilinyamaza kwa heshima ya mwenye nyumba. Hapa hakuna wa kuninyamazisha.

Gari linalosemwa ni Mazda Atenza, sedani ya milango minne yenye injini ya dizeli ya lita 2.2, namba E, haijamaliza hata mwaka tangu ishushwe bandarini. Tangu liingie nyumbani nimepewa pole nyingi kuliko hongera. Jirani alinong'ona kwamba kama nilikwama kifedha ningemwambia. Mlinzi wa ofisini aliuliza kama nimeanza kilimo. Na kila mmoja, msomi na asiye msomi, ana sentensi ile ile mdomoni: dizeli ni ya fuso, gari la familia ni petroli.

Haya, tuanze na swali dogo. Shangingi la bosi wako linakunywa nini? Lile Land Cruiser V8 jeupe la lita 4.5, linalopita katikati ya barabara likiwa limewasha taa mchana kweupe ili sisi wengine tuingie mtaroni, linakunywa dizeli. Land Cruiser za hospitali zinazobeba wagonjwa kutoka vijijini ni dizeli. Hilux ya mkandarasi ni dizeli. Sijawahi kusikia mkurugenzi akishuka kwenye V8 akaambiwa ananuka moshi. Kumbe dizeli ikiwa juu ya matairi makubwa ni uheshimiwa, ikishuka sentimita ishirini kuelekea ardhini inageuka kuwa umaskini. Basi tuseme wazi kwamba tunapima magari kwa kimo, tuache kusingizia mafuta.

Lakini kejeli za kamati ya harusi ningezivumilia. Kinachonikera ni kwamba imani hii ndiyo inayoua magari yenyewe, halafu maiti zake zinaletwa kama ushahidi. Mtu anaamini dizeli ni ya fuso, kwa hiyo anaitunza kama fuso, injini inakufa, kisha anasimama kijiweni: "Si niliwaambia?"

Twende gereji. Nilipeleka gari kwa fundi mmoja aliyesifiwa sana, kwa huduma ya kawaida tu, kubadili oili na chujio. Akafungua boneti, akainama, akachungulia huku na huku kwa tochi ya simu, akafuta mikono, akanipa makadirio. Kwenye karatasi kulikuwa na plagi nne na koili nne. Msomaji ambaye si mtu wa magari nimweleze: injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche wala koili. Inakandamiza hewa mpaka inakuwa ya moto sana, kisha inapuliza dizeli ndani, na dizeli inajiwakia yenyewe. Fundi alikuwa ananiuzia viungo ambavyo gari halikuumbwa navyo. Nilipomwambia, hakuona haya hata kidogo. Akasema, "Basi tutoe masega, mzee, gari lipumue."

Masega! Hilo neno likitamkwa gereji ujue kuna mtu atapata pesa ya pembeni, kwa sababu masega ya kwenye ekzosi yana madini ya thamani na yana wanunuzi wao. Kwenye dizeli za siku hizi kuna na chujio la masizi, na hapo ndipo ujuzi wa fuso unapofanya mauaji. Chujio lile linakusanya masizi, na likijaa kompyuta ya gari inaongeza mafuta kidogo ili joto lipande hadi karibu nyuzi 600, masizi yaungue, chujio lianze upya. Ili hilo lifanyike injini lazima iwe imefikia joto lake na gari liwe linatembea kwa muda. Sasa fundi wetu, kabla hujamaliza kumsalimia, ameshatoa themostati, "maana nchi yetu ni ya joto." Injini haifikii joto lake tena. Chujio linajaribu kujisafisha, linashindwa. Ile dizeli ya ziada isiyoungua inateremka kwenye oili, oili inakuwa nyepesi na kiwango chake kinapanda. Fundi anachomoa kijiti cha kupimia, anaona oili imezidi, anatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu: "Hizi Mazda za dizeli ndivyo zilivyo."

Oili nayo ni mkasa wake. Injini yenye chujio la masizi inataka oili maalumu isiyoacha majivu mengi, kwa sababu masizi yanaungua lakini majivu hayaungui. Yanabaki kwenye chujio mpaka yanaliziba kabisa. Maelekezo yamo kwenye kitabu cha gari. Kwa kuwa kitabu kimeandikwa Kijapani, kinawekwa chini ya kiti, na dukani mtu ananunua dumu la oili nzito iliyochorwa lori ubavuni. Dizeli ni dizeli, si ndiyo?

Hata sheli sipumui. Nikisimama tu, mhudumu anaangalia umbo la gari na mkono wake unakwenda wenyewe kwenye bomba la petroli. Nashuka, nasimama mbele ya mfuniko kama mlinzi wa benki, nasema "dizeli," ananitazama kwa huruma, ananiuliza, "Una uhakika, baba?" Petroli ikiingia kwenye mfumo huu pampu ya shinikizo inakosa ulainisho wa dizeli, inajisaga, na chembe za chuma zinakwenda hadi kwenye nozeli. Ni bili ya kumfanya mtu auze kiwanja. Na likitokea hilo, unadhani kijiweni watasema mhudumu kakosea? Watasema sedani za dizeli hazidumu.

Imani hii ina asili yake, na asili yenyewe hata si ya kwetu. Sedani ya dizeli si kitu cha juzi. Mercedes-Benz walionyesha 260 D mjini Berlin mwaka 1936. Dereva wa teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, alisukuma Mercedes 240 D yake mpaka kilomita milioni 4.6, na mwaka 2004 ikaenda kukaa kwenye makumbusho ya kampuni. Milioni nne na nusu, tena kwa kubeba abiria! Premio ya shemeji ikifika laki mbili inafanyiwa maombi.

Ila sisi hatununui kwa Wagiriki, tunanunua kwa Wajapani. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisimama mbele ya waandishi wa habari akiwa na chupa ya plastiki yenye masizi meusi, akawaonyesha kinachotoka kwenye ekzosi za dizeli za jiji lake. Oktoba 2003 Tokyo na majirani zake, Saitama, Chiba na Kanagawa, wakaanza kuyazuia malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango kipya cha masizi. Wanunuzi wa magari madogo wakawa wameshaikimbia dizeli, na viwanda vikawafuata. Kwa miaka kadhaa sedani ya dizeli ikawa kama haipo katika nchi ile. Na kwa kuwa sisi tunaletewa kilichoachwa na Mjapani, kizazi kizima cha Dar es Salaam kimekua bila kuiona, kisha kikageuza kutoiona kuwa sheria ya fizikia.

Wajapani wenyewe wameshabadilika. Mwaka 2012 Mazda waliingiza injini hii ya 2.2 ambayo inakandamiza hewa kwa uwiano wa 14 kwa 1, wakati dizeli nyingi za zamani zilivuka 20. Mkandamizo ukipungua, kishindo kinapungua, vyuma vinaweza kuwa vyepesi, na hewa chafu ya naitrojeni inapungua. Ndiyo maana ndani ya gari langu, vioo vikiwa juu, mama mkwe alisafiri kutoka Ubungo hadi Chalinze akilalamikia kila kitu, kuanzia kiyoyozi hadi kwaya niliyoweka, na hakusema neno juu ya mlio.

Safari yenyewe ilikuwa ya Iringa, watu watano na mizigo hadi kwenye magoti. Nisizungumzie vibao vya hamsini vinavyochipuka kila penye nyumba tatu, na vijana wa tochi nyuma ya mwembe, wala matuta yaliyojengwa na mtu ambaye bila shaka ana hisa kwenye duka la shokomzoba. Nizungumzie Kitonga. Wote tunakijua kile kipande baada ya Ruaha Mbuyuni, malori yamepangana yakipanda kwa mwendo wa kobe, kona juu ya kona, nafasi ya kupita ni fupi. Gari la petroli la lita 1.8 hapo linashusha gia, linapiga kelele, abiria wanaanza kusali. Injini yangu inatoa nyutonimita 420 za msokoto ikiwa kwenye mizunguko 2,000 tu kwa dakika. Ile ya Premio haifiki nusu ya hapo hata ukiikanyaga mpaka sakafuni. Palipofunguka nilibonyeza kidogo, gari likaondoka bila fujo, watoto hawakuamka. Lita moja ilinipeleka kilomita kumi na saba barabara kuu. Mafuta ya Dar yalitufikisha Iringa, yakaturudisha Morogoro, na mshale ulikuwa bado haujaomba msamaha.

Naambiwa pia kuwa dizeli inaganda kwenye baridi. Aliyeniambia anaishi Mbagala. Nilimuuliza mara ya mwisho kuona barafu nje ya friji ilikuwa lini, akanitajia Makete. Sawa, bwana, siku ukihamishiwa Makete nitakuazima petroli. Huko Norway na Sweden theluji inafika madirishani na watu wanawasha dizeli zao asubuhi wanakwenda kazini.

Mwingine kasoma kidogo, anasema Wazungu wameacha dizeli baada ya kashfa ya Volkswagen. Mwaka 2015 Volkswagen walinaswa wameweka programu ya kudanganya mitambo ya kupimia moshi. Walidanganya, wakalipa. Lini tuliacha kula nyama kwa sababu muuza bucha mmoja alichezea mizani? Tena hao Wazungu mnaowanukuu wana treni kila kona. Sisi ya umeme tumeanza kuionja mwaka 2024, na inakufikisha Dodoma. Mpaka Iringa utashuka ukapande nini?

Halafu kuna wale wa "mafuta yetu machafu." Hawa wanaishi bado mwaka 2010, enzi za uchakachuaji, mafuta ya taa yakimiminwa kwenye dizeli usiku. Serikali iliweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuyachanganya kusilipe. Mwaka 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kwa dizeli kikawa salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hiyo si 10 ya Japani, lakini siyo tope mnalolisimulia. Na wenye hofu hiyo hiyo ndio nawaona Ubungo wamepanga foleni ya gesi, mtungi umekula buti lote, begi la mtoto la shule limewekwa juu ya mapaja ya bibi.

Msafara wa harusi utaondoka bila mimi, sina kinyongo. Nitakwenda kwa wakati wangu na kiyoyozi changu. Ila nina tangazo kwa wenye Atenza za dizeli mlioambiwa na mafundi kwamba zimekufa. Kama masega bado yapo, themostati haijang'olewa, na hakuna aliyewahi kumimina humo oili ya lori, usiliuze hilo gari kwa bei ya chuma chakavu kabla hujanitafuta. Mke wangu naye anataka la kwake.