Mpira na Robine: Namna ya Kutwaa Maji Kambini Bila Kumdhuru Jirani

Safari hii twatazama kitu ambacho wengi hukidharau, yaani mpira wa maji: ule ufungwao kwenye robine ili kujaza pipa la nyumbani, tangi la shule au tangi la gari. Watu watembeao nchi kwa nchi katika magari yenye vitanda na jiko ndani wanayo desturi hiyo tangu zamani. Wafikapo mahali pa kupiga kambi, hufunga mpira kwenye robine ya kambi, na maji huingia garini kama yaingiavyo nyumbani. Lakini kazi hiyo si ya watalii peke yao. Dereva wa lori la maji aendaye kwa wakimbizi hufanya vivyo hivyo, na mama ajazaye pipa lake kwa mpira wa jirani hufanya vivyo hivyo. Kanuni ni moja kwa wote, na asiyeifuata aweza kuleta ugonjwa katika mtaa mzima.

Kwetu Kavumu neno “kambi” halikuanza na watalii. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka kwa maelfu, kambi kubwa zilijengwa katika nchi yetu ya Kabare, kando ya barabara itokayo Bukavu. Mbili kati ya hizo, Kashusha na Inera, zilikuwa karibu nasi kabisa, zikadumu mpaka vita vya mwisho wa mwaka 1996. Huko Goma, ambako wakimbizi walifika wengi kupita kiasi juu ya mawe ya volkano yasiyochimbika, kipindupindu na kuhara damu viliua watu karibu 50,000 katika mwezi mmoja wa kwanza. Wengi hawakufa kwa kukosa maji, maana ziwa lilikuwa mbele yao. Walikufa kwa sababu maji safi hayakuwafikia upesi, na yale waliyoyapata yalikuwa yamekwisha kuchafuka.

Tena tusidhani ya kuwa kambi ni mambo ya wengine. Tarehe 14 Februari 2025 vita vilifika tena hapa, uwanja wa ndege wa Kavumu ukatekwa. Aliye na robine uani mwake leo, kesho aweza kusimama na bidoni katika mstari wa watu asiowajua. Yafaa basi kila mmoja ajue kazi hii kabla ya siku ya shida.

Nguvu ya maji

Jambo la kwanza ni kufahamu kwa nini maji yatoka kwa nguvu. Mlima Kahuzi una kimo cha mita 3,308. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari. Na Kavumu iko katikati, kwenye mita 1,700 na kidogo. Nchi kama hii haihitaji mashine ili kupata maji ya bomba. Chemchemi ya mlimani hujengewa, maji huingia bombani, hushuka mpaka tangi, na kutoka tangi hugawanywa kwenye robine. Kazi yote hufanywa na uzito wa maji yenyewe.

Uzito huo hupimwa hivi: kila mita 10 za mteremko huongeza nguvu ya bari moja. Tangi likiwa mita 30 juu ya robine, nguvu ni bari 3. Likiwa mita 80 juu, nguvu ni bari 8. Ndiyo sababu mafundi huweka njiani matangi madogo ya kuvunja nguvu, ambamo maji hupumua kabla ya kuendelea kushuka. Pasipo hayo, mabomba ya chini yangepasuka.

Mwenye kufunga mpira na akumbuke jambo hili. Mchana, robine nyingi zikiwa wazi, maji husuguana ndani ya bomba na nguvu hupungua. Usiku, robine zote zikifungwa, nguvu hurudi yote. Mtu aunganishaye gari lake jioni na kulala huku robine i wazi, aweza kuamka usiku wa manane na kukuta maji yamejaa chini ya kitanda. Mabomba membamba ya gari la namna hiyo hayakufanywa kwa nguvu za mlima. Wajuzi hushauri yasipewe zaidi ya bari 3 hivi, na huweka kwenye robine kifaa kidogo cha kupunguza nguvu. Asiye na kifaa hicho na ajaze tangi kwa kufungua robine kidogo, akiwa amesimama papo hapo, kisha afunge na kuondoa mpira. Njia hiyo haina gharama, tena ni salama kuliko zote.

Maji yarudiayo nyuma

Jambo la pili wengi hawalijui, nalo ndilo la hatari zaidi. Sisi twadhani maji ya bomba huenda upande mmoja tu, kutoka tangi hadi robine. Sivyo. Yaweza kurudi.

Mfano ni huu. Mtu ametia ncha ya mpira ndani ya beseni la kufulia, ncha ikazama katika maji ya sabuni na uchafu. Wakati huohuo fundi afunga bomba kule juu ili atengeneze mahali palipopasuka, na mtu mwingine aliye chini kwenye mteremko afungua robine yake. Maji yaliyomo bombani yashuka kwa huyo wa chini, nayo yashukapo yavuta yaliyo nyuma yao, kama mtoto avutavyo pombe ya ndizi kwa mrija. Maji ya beseni yapanda mpirani, yaingia bombani, na jirani wa chini ayateka ndani ya bidoni yake. Yeye hakukosa neno. Robine yake ni safi, chombo chake ni safi. Lakini atakunywa maji ya nguo za mgonjwa.

Dawa yake ni rahisi: ncha ya mpira isiguse kamwe maji ya chombo kinachojazwa. Acheni nafasi ya hewa kati ya ncha ya mpira na ukingo wa chombo, upana wa vidole viwili au zaidi. Hewa haiwezi kuvuta uchafu. Kwa magari na matangi yaliyofungwa, ambayo hayana nafasi ya kuacha wazi, kuna kifaa kinachofungwa kwenye robine chenye kilango cha ndani: maji yaendapo mbele chafunguka, yakitaka kurudi chajifunga. Mwenye kusimamia robine ya watu wote anayo haki ya kumkatalia dereva asiye na kifaa hicho, akamwambia ajaze kwa bidoni.

Usafi wa mpira na tangi

Mwaka 1854, katika mji wa London, daktari John Snow alionyesha ya kuwa kipindupindu cha mtaa mmoja kilitoka katika pampu moja ya maji, na mkono wa pampu ile ukaondolewa. Tangu hapo watu wamejifunza kuchunga chemchemi na bomba. Lakini mara nyingi husahau ule mwendo mfupi wa mwisho, kati ya robine na kinywa, nao ndio mahali pa mpira na chombo. Katika mikoa yetu ya maziwa, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, usahaulifu huo una gharama kubwa. Basi shikeni mambo haya:

1. Mpira wa maji ya kunywa uwe na kazi moja tu. Usioshee gari, usinyweshee ng’ombe, wala usitolee maji machafu. Ununue wa rangi tofauti na mingine ili mtoto asikosee.

2. Kabla ya kuufunga, safisheni robine kwa kitambaa safi chenye dawa ya javeli. Kisha mwageni maji ya kwanza, maana yale yaliyolala mpirani juani yamepata moto, na vijidudu hupenda maji ya moto yaliyotulia.

3. Kazi ikiisha, nyanyueni mpira umwagike wote, zungusheni, ziunganisheni ncha zake mbili au zifunikeni, mkautundike. Mpira ulalao matopeni hubeba matope mpaka siku ya pili.

4. Tangi jipya, au tangi lililokaa bila kutumika, lioshwe kwa javeli isiyo na manukato. Javeli ya nguvu ya asilimia 5 hutiwa mililita 100 katika kila lita 100 za maji. Yaacheni maji hayo tangini saa 4, yapitisheni na mpirani, kisha mwageni yote na kusuuza mpaka harufu ipungue. Maji hayo hayanywewi.

5. Kwa maji ya kunywa yasiyojulikana usafi wake, yakiwa maangavu, tieni matone 2 ya javeli hiyohiyo katika kila lita, mkangoje dakika 30. Maji ya tope yachujwe kwanza, maana tope humeza dawa.

Haki ya mstari

Limebaki jambo moja, nalo si la ufundi. Baada ya maafa ya mwaka 1994, mashirika ya msaada yalishirikiana, na tangu 1997 wakaandaa vipimo vinavyoitwa Sphere. Vipimo hivyo vyasema kila mtu kambini apate walau lita 15 za maji kwa siku. Robine moja isihudumie zaidi ya watu 250. Na mtu asingoje mstarini zaidi ya dakika 30. Robine yenyewe yahesabiwa kutoa lita 7 na nusu kwa dakika.

Wanafunzi na wachukue kalamu. Watu 250 kwa lita 15 ni lita 3,750. Kwa lita 7.5 kila dakika, robine yahitaji dakika 500, yaani saa 8 na dakika 20. Maana yake ni kwamba robine hiyo haina nafasi hata kidogo ya kupoteza: toka asubuhi hadi jioni kila dakika ina mwenyewe. Bidoni ya lita 20 hujaa kwa dakika 2 na sekunde 40. Gari la msafiri lenye tangi la lita 100 litashika robine zaidi ya dakika 13. Na mtu akileta gari lenye tangi la lita 1,000, atashika robine zaidi ya saa 2, na bidoni 50 za akina mama zitangoja juani. Wengine katika hao watachoka, watakwenda mtoni, na watoto wao watakunywa ya mtoni.

Kwa hiyo mwenye tangi kubwa hawezi kusema, “Nimelipa, na mpira ni wangu.” Na aje usiku, watu wakiisha kuteka, kama tangi la mlimani lina akiba, au atwae maji kwenye tangi kubwa lenyewe kwa idhini ya wasimamizi. Akikuta mstari, na aufuate, akijaza bidoni moja kwa zamu kama mwingine yeyote. Nao wasimamizi wa robine waandike kanuni hiyo ubaoni, isomeke na kila mtu, ili mlinzi asiachwe peke yake kubishana na mwenye gari. Mlinzi maskini mbele ya gari kubwa hushindwa upesi, hasa akionyeshwa noti.

Basi, ndugu msomaji, jioni ya leo nenda ukautazame mpira wa nyumbani kwako au wa shule yako. Tazama ncha yake iko wapi. Ukiikuta imelala matopeni au imezama katika pipa, itoe, ioshe, uitundike, kisha mwite mtoto mkubwa wa nyumba umweleze sababu yake, ili kesho aweze kuwaeleza wenziwe penye robine.