Duka Likihama Kambini, Mshahara Umeguswa



Mwaka huu katika kambi mbili, moja ya miwa na moja ya chai, wajumbe wamenishika mkono na kuniuliza swali lile lile. Duka lililoko katikati ya nyumba za wafanyakazi litafungwa, lifunguliwe jingine senta, kando ya lami. Wanauliza: hilo ni jambo la chama, au ni la mwenye duka na mwenye shamba peke yao?

Nawajibu kwamba ni jambo la chama, sawa na saa za kazi na mshahara. Nasema hivyo nikiwa mtu aliyewahi kukosea.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe katika shamba moja la miwa. Halmashauri yetu iliitwa ofisini, tukapewa soda, tukaelezwa kwamba duka la kambi halina faida kwa sababu wateja ni sisi tu. Likienda barabarani litauzia na wapita njia, mzigo utakuwa mkubwa, bei itashuka. Hesabu ilionekana nzuri. Tukatia sahihi siku hiyo hiyo bila kurudi kwa wenzetu. Hata saa ya kufunga hatukuuliza.

Bei ya chumvi ilishuka kidogo, ni kweli. Lakini mkata miwa aliyetoka shambani saa tisa, mgongo umekufa, alikuwa sasa na kilomita tatu kwenda na tatu kurudi kwa ajili ya kilo moja ya posho na kipande cha sabuni. Wa zamu ya kiwandani, anayetoka saa tano usiku, hakukuta duka wazi kabisa. Ukipanda boda, nauli inakula punguzo lote na kuongeza. Na mara nyingi aliyetembea ni mama mwenye mtoto mgongoni, naye ametoka kupalilia. Sisi wanaume tuliotia sahihi, niseme wazi, njia ya senta hatukuiona ndefu kwa sababu baa nayo iko huko.

Bidhaa nazo zikabadilika. Barabarani rafu zilijaa biskuti, soda na mafuta ya kujipaka. Maharagwe yakawa yanakwisha katikati ya mwezi. Kule kambini muuzaji alitupimia mafuta ya kupikia kwa kikombe na posho kwa nusu kilo. Senta alikataa kupima. Alikuwa na wateja wa magari.

Lililoniuma zaidi lilikuja baadaye, mshahara ulipoanza kupitia simu. Wakala wa kutoa pesa alikuwa yule yule mwenye duka. Unafika kuchukua mshahara wako, yeye anafungua kwanza daftari la madeni, anakata chake, ndipo anakuhesabia kilichobaki. Ukilalamika, mwezi ujao hukopeshwi. Basi someni Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1949, ambao Uganda iliukubali mwaka 1963. Unasema mfanyakazi asilazimishwe kununua katika duka la kazini. Unasema tena kwamba kama hana duka jingine la kufikia, serikali ichukue hatua ili bei ziwe za haki, au duka liendeshwe kwa manufaa ya wafanyakazi, si kwa kutafuta faida. Unakataza mshahara kulipwa baani, na hata dukani, pale inapohitajika kuzuia uonevu. Waliouandika hawakujua pesa za simu, lakini daftari lile walilijua sana.

Sisemi duka lisihame milele. Yako maduka ya kambi ambayo ni mtego: ni moja tu, bei iko juu, deni halikwishi mpaka mtu anazeeka. Duka kama hilo likiondoka na watu wakapata mahali pa kuchagua, wanapumua.

Wafumaji wa Rochdale huko Uingereza walifungua duka lao la ushirika jioni ya tarehe 21 Desemba 1844, katika chumba cha kupanga, wakiwa na unga, siagi, sukari na mishumaa. Mwaka 1867 duka hilo nalo lilihamia jengo kubwa. Lakini kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kufungua matawi mitaani, na duka lilikuwa lao wenyewe, kila mwanachama na kura yake moja. Sisi tulihamishiwa duka la mtu mwingine, kambini pakabaki kufuli.

Kwa hiyo wakiwaita ofisini, kunyweni soda lakini msitie sahihi siku hiyo. Rudini kambini. Itembeeni ile njia na saa mkononi, jioni, mkiwa pamoja na wanawake, na wakati wa mvua kama mnaweza kungoja. Kisha daini dirisha dogo libaki kambini kwa posho, chumvi, maharagwe, sabuni na mafuta, lifunguliwe zamu zinapotoka. Daini wakala wa pesa za mshahara awe mtu mwingine, asiyeshika daftari la madeni. Yote yaandikwe katika mapatano, maana ahadi ya mdomo meneja huondoka nayo akipewa uhamisho.

Sisi dirisha letu tulilipata baada ya karibu miaka miwili ya kulidai. Linafunguliwa saa kumi mpaka saa moja jioni. Wa zamu ya saa tano usiku bado hawana kitu.